Chini ya miaka 21, pombe na usukani: Marekani ina sheria kali, somo dhaifu

Kwa madereva wazima wa Marekani kikomo cha kilevi kwenye damu ni asilimia 0.08, isipokuwa Utah, ambako ni 0.05. Walio chini ya miaka 21 wana hesabu yao. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1995 iliyabana majimbo: wekeni 0.02 au chini yake, la sivyo fedha za barabara zinapunguzwa. Kufikia 1998 yote yalikuwa yametii. California iliweka 0.01. Texas na Illinois dalili yoyote ya pombe inatosha.

Wapinzani wana hoja. Kijana wa miaka 19 anapiga kura na anaingia jeshini, lakini bia moja inamfungia leseni, huku baba yake mwenye 0.06 hajavuka kikomo. Tena kwenye miji isiyo na mabasi ya maana, kufungiwa leseni ni kukosa kazi. Hiyo ni kero ya kweli, ila haifuti hili: kwa kiwango kilekile cha pombe, dereva mchanga hupata ajali kwa urahisi kuliko mzoefu.

Tatizo kubwa, kwa maoni yetu, ni namna vijana wanavyofundishwa. Shule nyingi hupenda maigizo ya ajali: gari lililobondeka, damu bandia, vilio. Lakini Maryland ilipoitangaza sheria yake ya 0.02 kwa nguvu katika baadhi ya kaunti, ikieleza kikomo na adhabu, ajali za vijana waliokunywa zilipungua zaidi huko kuliko kwingine. Kijana anataka kujua nini kitampata Jumamosi hii.

Basi aambiwe hesabu. Ini huondoa takriban 0.015 kwa saa, wala kahawa, maji baridi au kutapika haviliharakishi. Aliyelala saa saba usiku akiwa na 0.12, saa moja asubuhi bado ana 0.03 hivi. Anajiona mzima, anawasha gari kwenda kazini, ananaswa. Aambiwe pia kwamba kukataa kupuliza kipimo si ujanja: Illinois kosa la kwanza ni kufungiwa leseni miezi 3, ukikataa ni 6, Texas siku 60 zinakuwa 180. Na katika majimbo mengi, kulala kwenye kiti cha dereva ufunguo ukiwa mkononi kunaweza kuhesabiwa kuwa gari liko chini ya udhibiti wako, kana kwamba unaliendesha.

Wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania, waliozoea kununua bia wakiwa na miaka 18, wana la ziada. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaweza kuifuta viza ya mwanafunzi kwa sababu ya kukamatwa tu akiendesha amekunywa, kabla mahakama haijasema neno. Akisafiri nyumbani likizo, hawezi kurudi chuoni mpaka aombe viza upya, na ubalozini ataulizwa habari za usiku ule.