Dakika Tano Kutoka Lami

Ujumbe wa dalali umeingia sasa hivi, na picha nne za nyumba: "Masta 1, vyumba 2, sebule, jiko, ndani ya fensi, maji muda wote, dakika 5 kutoka lami. Wahi boss, kuna mtu anakuja na hela jioni." Huyu mtu wa jioni nimeanza kumheshimu. Kila nyumba ya kupanga Dar es Salaam anaitaka yeye, kila siku hela anazo mkononi, na mpaka leo hajapata pa kulala.

Dakika tano zenyewe ni za boda, Jumapili asubuhi, vumbi kavu, na dereva kagombana na mkewe. Kwa miguu ni nusu saa. Masika je? Masika boda haendi, na wewe huendi.

Kuhamishiwa Dar kutoka Mbeya ukiwa kijana si neno. Unajibana kwa binamu Manzese, godoro linakunjwa asubuhi, maisha yanasonga. Sasa njoo ukiwa na umri wa konda kukuita mzee: una mke, watoto wanne, friji, sofa za watu saba na vidonge vya presha. Hapo ndipo kila ndugu anageuka bwana mipango miji. Mmoja anasifia upepo wa Kigamboni, ila foleni ya feri haitaji, wala tozo ya darajani. Mwingine anasema Sinza, mjini kabisa. Kweli, na spika za baa hazijui Jumanne ni siku gani. Goba ni vilima: kupanda gia ya kwanza, kushuka sala. Tegeta na Bunju mnategemea Barabara ya Bagamoyo, likiharibika lori moja mbele wote mnachelewa kwa umoja. Kimara kuna mwendokasi, mpaka mvua inyeshe na Jangwani ifungwe. Halafu Mbezi ziko mbili, Mbezi Beach na ile ya Kimara kwenye stendi kuu ya mabasi. Mwambie dereva wa Fuso "Mbezi" tu, uone vyombo vyako vitaamkia wapi.

Anza na kazi, mtaa uje baadaye. Ofisi ikiwa Posta, hesabu magari ya kukufikisha. Gari moja unaishi. Mawili unavumilia. Mawili na boda, utaanza kumchukia hata mlinzi wa getini ofisini. Na usipime safari Jumamosi mchana. Nenda kituo cha mtaa huo Jumatatu saa 12 asubuhi, ugombanie gari na wenyeji, ndipo ujue kama magoti yako yanaafiki.

Sasa dalali.

Dalali uliyempigia hana nyumba. Ana simu. Unamkuta kituoni na miwani ya jua, saa 2 asubuhi, anadai 20,000 ya kukuonyesha. Inaitwa hela ya usumbufu, na anayesumbuliwa ni wewe. Akishaipokea anampigia dalali wa mtaa, maana kila mtaa una wenyewe. Boda mbili, unalipa zote. Dalali wa mtaa mnamkuta chini ya mwembe anacheza drafti, na hanyanyuki mpaka ale kete. Naye hana ufunguo. Anao kijana wa kibanda cha wakala. Boda tatu. Mnaingia mtaani kwa msafara, majirani wanatoka milangoni kuuliza msiba uko kwa nani.

Nyumba ya kwanza ina watu. Baba yuko mezani na wanawe, wanakunywa chai na chapati.

"Anahama mwisho wa mwezi," dalali anakunong'oneza.

"Nani anahama?" anauliza baba mwenye chai.

Kimya. Hata watoto wameacha kutafuna. Dalali wa mtaa anavua kofia: "Shikamoo baba. Tunaangalia dari tu."

Na wewe, mtu mzima na heshima zako, barua ya uhamisho yenye mhuri mfukoni, unanyanyua shingo na kuangalia dari. Unatikisa kichwa kitaalamu. Unasema, "Mh." Ukiwa umeshafika hapo itazame kweli: doa la kahawia kwenye jipsamu maana yake bati linavuja juu, na doa lenye pete mbili tatu limevuja masika zaidi ya moja. Baba anawakaribisha chai. Kijana wa ufunguo anakaa!

Nyumba ya pili ni 650,000, wakati uliwaambia 400,000. "Anapunguza huyu mama, ana roho nzuri." Anapunguza mpaka 640,000. Ya tatu bei yako kabisa, iko bondeni, vyura wanakusalimia. Hapo ndipo unapoelewa mpangilio: wanakutembeza kwenye mabaya mpaka ile ya nne, yenye choo kisicho na mlango, uione ikulu. Ukiuliza ile ya kwenye picha, ilichukuliwa jana jioni. Na mtu mwenye hela.

Mwisho wa yote dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, wanagawana watatu, na anayelipa ni mpangaji. Naomba mtu anieleze taratibu. Mwenye nyumba ndiye aliyetafutiwa mteja. Mwenye nyumba ndiye anayepokea miezi sita mkupuo. Kwa nini nilipe mimi? Kodi 400,000 mara sita ni 2,400,000, weka ya dalali, 2,800,000, na Fuso bado halijawashwa Mbeya! Ukilalamika unaambiwa, "Mzee, ndiyo utaratibu." Utaratibu wa nani?

Haya. Ukipata pa kuingia, usiulize kama maji yapo. Hata baharini yapo. Fungua bomba, paka sabuni mikononi. Povu likigoma, ni maji ya kisima yenye chumvi, na matundu ya bomba la mvua utayakuta yameziba kwa gaga jeupe. Kisha tazama tangi. Watu 6, kila mmoja ndoo 4 za lita 20, ni lita 480 kwa siku. Simtanki ya lita 1,000 inawafikisha siku mbili, na mgao wa maji unaweza kuwa wa wiki. Umeme, ulizia mita. LUKU moja kwa wapangaji watatu maana yake unachangia friji la mwenzio, na kwa pamoja mnavuka uniti 75 za mwezi za bei nafuu ya mtumiaji mdogo. Kodi ya jengo nayo, tangu 2021, inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ni ya mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni wewe. Mdai akurudishie, usikie atakavyokohoa.

Zunguka nyuma ya nyumba. Mstari wa kahawia ulionyooka ukutani ndio kipimo cha mafuriko. Rangi mpya iliyoishia kiunoni, juu yake ile ya zamani, usiipigie makofi, kuna kitu imeficha. Uliza pia shimo la choo likijaa nani anaita gari la kunyonya, na kama mpira wake unafika. Mama mwenye nyumba ataulizia watoto; ukisema wanne, atauliza, "Wote wanakuja?"

Na nenda na futi kamba, tafadhali. "Chumba kikubwa" ni futi 10 kwa 10. Kitanda cha 6 kwa 6 kinabakiza futi 4. Kabati la mninga lenye kina cha futi 2 linabakiza 2, na mlango wenye upana wa karibu futi 3 unafungukia ndani. Kwa hiyo ama ulale, ama ufungue mlango. Kabati lenyewe lina futi 7, halikati kona ya korido, na dirishani kuna nondo. Fundi kasema atalikata katikati. Mninga! Mbao siku hizi ni za kuloweka kwenye chai, halafu mtu anataka kukata mninga katikati.

Bado mablanketi ya Mbeya, yale mazito, sita. Joto la Dar linajulikana, yanaenda kufanya nini? Mama watoto anasema yafungashwe tu, tutayaweka juu ya kabati.

Kabati lipi?