"Jitambulishe kwa picha": sharti moja lililobebeshwa kazi mbili

Mgeni akiongezwa kwenye grupu la WhatsApp, mara nyingi ujumbe wa kwanza anaoukuta ni wa admini, na una mistari mitatu: jina kamili, unakoishi, picha. Ndivyo yalivyo magrupu ya vikoba, ya waliosoma pamoja, ya watu wa kijiji kimoja waliotawanyika kati ya Tanga, Muscat na Minneapolis, hata ya wafuga kuku. Asiyeweka picha anakumbushwa, na akizidi kunyamaza anatolewa. Wapo wanaoona huo ni uungwana tu wa kubisha hodi. Wapo wanaoona ni kupekuliwa mlangoni. Tatizo ni kwamba wanapobishana, kila upande unazungumzia picha yake: mmoja picha ya kufahamiana, mwingine picha ya kuthibitisha mtu. Hizo ni kazi mbili, na picha inafanya vizuri moja tu.

Kazi inayoifanya vizuri ni ile ya kwanza. Grupu linaweza kufika watu 1,024, na namba za simu peke yake hazina sura. Watu wakishaonana, hata lugha inapoa. Si rahisi kumtolea maneno machafu mama uliyemwona jana amempakata mjukuu. Kwa waliopotezana miaka 20, picha moja hufanya kisichofanywa na jina, hasa kwa kina dada waliobadili majina baada ya ndoa. Anayesema picha hazina faida yoyote hajawahi kuendesha grupu lililopooza.

Kazi ya pili ndiyo yenye shida. Utapeli wa "nimebadilisha namba, ile hela nitumie hapa" unahitaji vitu vichache: jina la mtu, uso wake wa kuweka kwenye profaili ya namba mpya, na orodha ya watu wanaomwamini. Sasa rudi kwenye ile mistari mitatu ya admini. Ni fomu ile ile, na orodha ya namba za wanachama imeshawekwa tayari ndani ya grupu. Kwenye Android, WhatsApp ilianza mwaka 2024 kuzuia skrinishoti ya picha ya profaili, lakini picha iliyotumwa grupuni haina kizuizi hicho. Anayetaka kujiunga kwa hila naye ataweka picha bila kusita, kwa sababu si yake.

Admini anayetaka uthibitisho wa kweli, hasa grupu likiwa linachangishana, ana njia bora zaidi. Kwanza, mdhamini: kila anayeingia awe ametajwa na mwanachama mmoja anayemjua ana kwa ana. Pili, simu ya video ya dakika mbili kabla ya kuongezwa. Mwombe ageuze uso kando, apitishe kiganja mbele ya uso, ajibu swali dogo la mahali mnapodai kutoka pamoja. Programu za kubadilisha sura hukwama zaidi hapo, ingawa zinazidi kuwa nzuri. Tatu, na hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, jina linalotokea kwenye simu unapotuma pesa, kabla hujathibitisha kutuma. Mtu aliyejitambulisha kwa jina moja huku laini ikitoa jingine ana maelezo ya kutoa, hata awe na picha 10. Lakini lisomwe hasa. Wengi hubonyeza mbio mbio.

Sasa, picha ikishatumwa inakwenda wapi? Hapa watetezi wa sharti huwa wepesi mno. Chukua grupu la watu 200. Simu nyingi za Android hupakua picha zenyewe na kuziweka kwenye galari, na zile zilizowashwa kuhifadhi nakala kwenye akaunti ya mtandaoni huipeleka huko pia. Mtumaji akighairi, ana kama siku mbili na nusu za kuifuta kwa wote. Kufuta huko kunaondoa ujumbe kwenye mazungumzo, lakini nakala iliyohifadhiwa kwenye picha za iPhone inaweza kubaki, na iliyokwisha kwenda kwenye akaunti ya mtandaoni haifuatwi. Picha ya kutazamwa mara moja huzuia kufowadi na skrinishoti, ila haizuii simu ya pili kuipiga ile ya kwanza ikiwa mezani.

Halafu kuna stika. Mtu ametuma selfi ya utani, macho nusu yamefumba; jioni imekatwa, imeandikwa maneno, imeshakuwa stika. Stika haiji na jina la aliyeitengeneza wala la mwenye sura. Baada ya mwezi anaikuta kwenye grupu la kazini ikitumiwa na watu wasiojua kwamba yumo humo. Wengi huichukulia kama mzaha, na kweli nyingine ni mzaha. Ila mwenye uso hakuulizwa.

Kuhusu mahali ilipopigwa, hofu na uzembe vyote vipo mahali pasipo pake. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa na kuondolewa maelezo ya GPS yaliyofichwa ndani ya faili. Mtego uko kwa wanaotaka ubora usipotee: wanaituma kama dokumenti, na hapo faili huenda nzima nzima, tarehe, aina ya simu na namba za GPS za mahali ilipopigwa zikiwemo. Desemba 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, alikuwa mafichoni baada ya kuondoka Belize. Waandishi waliokuwa naye walichapisha picha ikiwa na namba hizo za GPS, dunia ikajua yuko Guatemala, na siku chache baadaye alikamatwa. Dawa ni kuzima kipengele cha mahali kwenye mipangilio ya kamera yenyewe, kisha tatizo limekwisha kwa picha zijazo. Za zamani bado zinayo.

Lakini tapeli wa kawaida hahitaji GPS, atasoma kilichoko nyuma yako. Kibao cha namba ya nyumba cha anwani za makazi, namba ya gari, nembo kwenye sare ya mtoto, kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni. Ukitaka kuficha kitu, kata picha au weka umbo jeusi lisiloonyesha nyuma. Ile kalamu ya kupaka rangi hafifu haifichi. Mtu akiongeza mwanga, maandishi yanarudi.

Magrupu ya wanawake ya pwani na Ghuba yana hesabu nyingine kabisa. Picha ya bibi arusi bila mtandio, kwenye sherehe ambayo wanaume hawakuingia, inatumwa kwa wanawake 60. Wote waaminifu. Ila picha imejihifadhi kwenye galari, na simu ya mmoja wao inachezewa na shemeji. Hapo hakuna msaliti, kuna mpangilio wa simu tu. Kipengele cha kuonekana kwa midia kinazimwa ndani ya kila simu. Tangu 2025 grupu zima linaweza kuwashiwa faragha ya ziada ya mazungumzo ("advanced chat privacy") ili picha zisijihifadhi zenyewe, ila haizuii skrinishoti. Ndiyo maana kanuni ya sherehe hizo ya kuacha simu mlangoni bado ina akili kuliko kanuni nyingi za grupuni.

Sheria nazo zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Septemba 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Kenya iliitoza klabu moja ya usiku shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Grupu la marafiki si klabu, na sheria ya Kenya inaacha nje shughuli za mtu binafsi au za nyumbani. Ila grupu la wazazi linaloendeshwa na shule, au la wateja wa duka, halijifichi chini ya mwavuli huo.

Kwa grupu lisilo la pesa, ningeacha picha ziwe za hiari na kuzipa siku yake: Ijumaa jioni, ujumbe unaotoweka ukiwekwa saa 24, hakuna watoto, hakuna kutengeneza stika bila ruhusa ya mwenye uso. Kutoweka si kinga, aliyetaka kuhifadhi atahifadhi. Kunapunguza tu lundo la nakala zinazobaki kwa kusahauliwa. La pesa lingeshika mdhamini, simu ya video na jina la laini. Na orodha ya majina na makazi admini asiiweke grupuni. Abaki nayo mweka hazina, kwenye daftari.