Nani anasaidiwa na simu ya mkopo?

Kuanzia Kaptembwo mjini Nakuru hadi Kondele mjini Kisumu, na ukiendelea mpaka Kakamega, Bungoma na Busia, ni vigumu kupita sokoni bila kukutana na mwavuli wa wakala anayeuza simu janja kwa malipo ya kila siku. Unatoa kianzio, kitambulisho kinapigwa picha, unaondoka na simu mpya. Wapo wanaouita mpango huu msaada kwa watu wa kipato cha chini, na wapo wanaouita unyonyaji. Kwetu sisi, jibu linategemea swali ambalo wakala hana sababu ya kukuuliza: pesa zako huingia lini?

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Msaada ni pale serikali au mfuko wa umma unapobeba sehemu ya gharama yako. Marekani wana mpango wa Lifeline tangu 1985, ambao humpunguzia mwenye kipato kidogo hadi dola 9.25 kwa mwezi kwenye bili ya simu au intaneti. Kenya tuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, ulio chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kampuni zenye leseni huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Lakini fedha za mfuko huo zimeelekezwa kwenye minara ya sehemu zisizofikiwa na mtandao na kwenye intaneti ya shule za sekondari za umma, si kwenye bili ya mtu mmoja mmoja. Mnara ni jambo jema. Ila mama aliye chini ya mnara na kabambe yake ya vitufe mkononi bado hawezi kufungua fomu ya mtoto wake kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na mkopo. Julai 2020, Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku baada ya kianzio. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza na taa za sola, nayo ikaingia kwenye simu, na wengine wakafuata. Hata simu za bei nafuu zinazounganishwa Athi River, ambazo mwishoni mwa 2023 zilitangazwa kuanzia shilingi 7,499, bado ni mlima kwa kibarua wa mtaa wa Obunga, Kisumu, anayelipwa kwa siku. Hana namna ya kuzitoa kwa mpigo.

Wanaotetea mkopo wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Ni vigumu kwa benki kumkopesha mtu asiye na hati ya mshahara wala mdhamini kwa ajili ya simu ya elfu kumi. Hapa dhamana ni simu yenyewe: usipolipa inajifunga, ukilipa inafunguka. Kwa mwendesha bodaboda anayepokea wateja kwa programu, au muuza samaki anayetuma picha za mzigo kwa wateja wa WhatsApp asubuhi, simu hujilipia. Pesa yake huingia kila siku na deni hudaiwa kila siku, kwa hiyo mambo mawili yanaenda sambamba. Baadhi ya mipango huongeza bima au matengenezo kwa muda fulani, kitu ambacho huwezi kukipata kwa simu ya mtumba.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue mfano usio wa kampuni yoyote: simu ambayo dukani ni shilingi 9,000. Kianzio ni 2,500, kisha 45 kwa siku kwa siku 365. Hizo 45 ni 16,425. Ongeza kianzio, umelipa 18,925 kwa simu ya 9,000. Na kwa kuwa ulikopeshwa 6,500 tu, gharama ya mkopo wenyewe ni 9,925, yaani zaidi ya kile ulichokopeshwa. Bango la wakala litaandika ile 45 kwa herufi kubwa. Jumla utaipata ukiiuliza, na lazima uiulize kabla kitambulisho hakijatoka mfukoni.

Kampuni hujibu kwamba bei hiyo inabeba hasara ya wanaotoroka na simu, wanaoziuza na wanaoacha kulipa. Ni kweli, hasara hizo zipo. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba anayelipa vizuri ndiye anayemlipia asiyelipa, na wote wawili ni watu wa kipato kilekile. Katika msaada wa kweli mzigo huo hubebwa na wenye uwezo.

Tatizo kubwa zaidi kwa upande wetu wa nchi ni majira. Mkulima wa miwa wa Mumias husubiri mwaka na nusu hivi kabla shamba halijakatwa, na hata baada ya hapo malipo yanaweza kuchelewa. Mkulima wa mahindi wa Bungoma huuza gunia baada ya mavuno. Katika Ziwa Victoria, uvuvi wa omena hufungwa kati ya Aprili na Julai, na mama anayekausha omena ufuoni hukosa kipato chake kikuu miezi hiyo yote. Kuwadai watu hawa shilingi 45 kila kukicha ni kuwadai kwa kalenda isiyo yao. Simu inafungwa, mara nyingi ikabaki kupiga namba za dharura na kulipia tu, na inakuwa imefungwa wakati hasa anapohitaji kutafuta kazi nyingine au mnunuzi mwingine.

Mtazame pia mzee wa miaka 72 anayepokea Inua Jamii, fedha za serikali kwa wazee na wenye uhitaji, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango wa shilingi 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi. Anabaki na 500 za unga, dawa na bando, na fedha za Inua Jamii zenyewe haziji kila mara kwa wakati. Huyu hapaswi kuuziwa simu ya mkopo kabisa, na wakala anayemwandikisha anamuumiza hata kama karatasi zote ni sahihi.

Kwa wenye kipato cha vipindi, chama, yaani kikundi cha kuchangiana kwa zamu, ni bora kuliko wakala. Watu 10 wakitoa shilingi 200 kwa wiki wanapata 2,000. Kila wiki nne wananunua simu moja ya 8,000, na baada ya wiki 40 wote wanazo. Kila mmoja ametoa 8,000 kamili, bila riba, kama shilingi 29 kwa siku. Wakati wa dhiki wanaweza kukubaliana kusimama mwezi mmoja, jambo ambalo programu ya kufunga simu haijui. Udhaifu wake tunaujua: wa kumi anasubiri miezi tisa, na aliyepata kwanza anaweza kuingia mitini. Vyama vinavyofaulu huwapa zamu za mwanzo wanachama waliowahi kumaliza mzunguko mwingine, na hubaki na risiti na boksi la simu mpaka mchango wa mwisho. Nunueni dukani penye risiti na waranti, maana simu ya chama ikiharibika hakuna wa kuwabadilishia.

Simu ikishapatikana, gharama haijaisha. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ushuru wa bidhaa kwenye muda wa maongezi na data kutoka asilimia 20 hadi 15, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16. Kwa viwango hivyo, katika kila shilingi 100 unazoweka, karibu 25 ni kodi. Anayekopa muda wa maongezi kupitia Okoa Jahazi ya Safaricom hukatwa asilimia 10 zaidi. Na mwenye kununua bando la siku hupoteza kilichobaki muda wake ukiisha. Ukitaka bando lidumu, zima WhatsApp isipakue picha na video yenyewe, weka masasisho ya programu yasubiri Wi-Fi, na washa kiokoa data. Simu ya kumbukumbu ndogo hujaa upesi, kwa hiyo tumia eCitizen kwenye kivinjari badala ya kurundika programu.

Je, basi serikali ilipe? Wanaopinga ruzuku wana mfano mzuri mkononi. Marekani ilianzisha mpango mwingine uliotoa hadi dola 30 kwa mwezi kwa intaneti ya nyumbani. Zaidi ya kaya milioni 23 zilijiunga, fedha za bajeti zikaisha, na Juni 2024 mpango ukafungwa. Familia zilibaki na bili kamili. Lifeline yenyewe iliwahi kusumbuliwa na watu waliojiandikisha zaidi ya mara moja, hadi ukaguzi ukakazwa. Simu za bure nazo huuzwa: mwenye njaa akipewa simu ya 8,000, sokoni Kibuye hatakosa mnunuzi.

Tunakubali hatari hizo zote, na bado tunaunga mkono ruzuku, mradi iwe ya umbo jingine. Lifeline imedumu kwa sababu fedha zake hutoka kwenye michango ya kampuni za simu, hazisubiri bajeti ya kila mwaka. Mfuko wetu nao hulishwa hivyo hivyo. Badala ya kugawa simu, ungeweza kulipa kianzio, kwa sharti kwamba jumla ya bei isizidi kiwango fulani juu ya bei ya dukani, na malipo yafuate mwezi au mavuno. Orodha ya kaya zenye uhitaji tayari iko kwenye sajili inayotumika kwa Inua Jamii. Kilichokuwa pengo la sheria nacho kimeanza kuzibwa: kanuni za 2022 za mikopo ya kidijitali ziliwaacha nje wanaokopesha bidhaa, lakini marekebisho ya sheria za biashara yaliyotiwa saini Desemba 2024 yaliipa Benki Kuu mamlaka juu yao. Hapo ndipo pa kudai jumla ya bei iandikwe kwenye bango, kwa herufi kubwa sawa na za malipo ya siku.

Kwa anayeamua kuchukua mkopo leo, uliza mambo manne na upate majibu kwa maandishi: jumla yote ni ngapi, simu ikiibwa deni linaendelea au la, siku ulizokosa zinasogezwa mbele au zinaongezewa faini, na kama jina lako linaweza kupelekwa CRB, wanaoweka kumbukumbu za wakopaji. Usichukue simu kwa kitambulisho chako kwa ajili ya mtu mwingine, hata awe ndugu, maana deni litakufuata wewe. Unapolipa, hakiki namba ya akaunti kabla ya kuweka PIN. Tarakimu moja ikikosewa unalipia simu ya mtu usiyemjua, na ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi wako wa kudai pesa zirudishwe, hivyo usiufute.

Anayenunua simu iliyotumika kutoka kwa mtu awe mwangalifu zaidi. Bonyeza *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile ya boksi, kisha mwambie muuzaji aifute simu na kuianzisha upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikiwa bado ina deni, programu ya kufunga itajitokeza hapo hapo, kwa kuwa haifutiki kwa kuanzisha upya. Fundi atakayekuahidi kuivunja anaweza kuiacha bila IMEI, na simu ya hivyo haitashika mtandao. Na ukimaliza deni lako, subiri ujumbe wa uthibitisho, angalia kwenye mipangilio kwamba programu ya kufunga imeondoka, ndipo uitupe risiti.