2,147,483,647: namba ambayo Barlow hakuitarajia kuwa na faida

Mwaka 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu (iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe) inayotokana na namba tasa 2,147,483,647 huenda ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba za aina hiyo ni za kustaajabisha tu na hazina faida, hivyo haelekei kutokea mtu wa kujisumbua kutafuta nyingine. Alikosea. Kosa lilidhihirika mwaka 1876, Mfaransa Édouard Lucas alipothibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127, ukitoa 1, ni namba tasa, nayo ikazaa namba kamilifu kubwa zaidi.

Namba ya Barlow, 2,147,483,647, ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Anayetaka kuhakikisha kwamba ni tasa kwa njia ya kawaida hulazimika kuigawanya kwa kila namba tasa hadi 46,340, kilipo kipeuo chake cha pili, nazo ni zaidi ya 4,700. Mwanahisabati Leonhard Euler, ambaye mwaka 1772 alikuwa St. Petersburg akiwa karibu kipofu kabisa, hakukubali adhabu hiyo. Alijua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kama kipo, lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na tena kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Namba tasa zinazopita katika vichujio hivyo viwili hazifiki hata mia moja. Ya kwanza ni 311. 373 inapita cha kwanza na kukwama katika cha pili, kadhalika 683, na inayofuata kukubalika ni 1303. Nilijaribu kugawanya kwa 311 kwa kalamu, nyuma ya risiti ya duka, nikapata baki ya 35. Kwangu mimi, uzuri wa namba hii uko hapo, katika kazi ambayo Euler aliiepuka kwa hoja kabla ya kugawanya chochote, ingawa wengi wanaoitaja leo huitaja kwa sababu ya kompyuta tu.

Na kompyuta ndizo zilizoipa namba hii faida ambayo Barlow hakuitarajia. Namba kamili ikihifadhiwa kwa biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1, biti moja huachiwa alama ya hasi au chanya, na 31 zinazobaki haziwezi kupita 2,147,483,647. Mifumo mingi ya zamani huhesabu wakati hivyo, sekunde baada ya sekunde, tangu tarehe 1 Januari 1970. Hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, ambapo saa zetu za Afrika Mashariki zitakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, na sekunde 7. Sekunde itakayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaingia katika namba hasi na kudai kwamba ni usiku, saa 5 na dakika 45, tarehe 13 Desemba 1901.