Kuahirisha mfumo mpya wa kompyuta si kosa, ila kuwe na tarehe

Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, aliingia kwenye stesheneri yangu akiwa amekumbatia kompyuta mpakato kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Baada ya mimi kumwamkia na yeye kuitikia marahaba, aliniuliza: “Mwanangu, hii mashine inasema kuna Windows mpya. Niikubalie?” Nikamuuliza ana kazi gani wiki hiyo. Alikuwa anakamilisha kijitabu cha historia ya ukoo wao, na ndugu walikuwa wanakutana Jumapili. Nikamwambia asiguse kitu hadi Jumatatu, naye akaniangalia kama mgonjwa aliyetaka sindano akaambiwa akanywe maji.

Swali hilo huletwa kwangu mara nyingi, na nimegundua kwamba wengi hudhani jibu limo ndani ya mfumo wenyewe: kama ni mzuri tuuweke, kama una kasoro tuuache. Mimi nadhani sehemu kubwa ya jibu imo kwenye kalenda ya mwenye kompyuta.

Kabla ya kufika huko, yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Viraka vya usalama, yaani marekebisho madogo ya kuziba matundu ambayo wahalifu huweza kupitia, ambavyo Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, huvitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi, havina uhusiano na mjadala huu, na anayeviahirisha kwa miezi anacheza na moto. Tarehe 14 Machi 2017 kilitolewa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo virusi vya WannaCry vilipita katika tundu hilo hilo na kuzifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza ambazo zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili. Kwa hiyo viraka nahesabu siku tatu, nne, halafu naweka.

Toleo jipya la mfumo mzima ni habari nyingine, kwa sababu hapo hazibwi tundu, bali nyumba inajengwa upya na wewe mwenyewe umo ndani. Mfano ninaowapa watu ni wa Oktoba 2018. Microsoft ilitoa toleo kubwa la Windows 10 lililojulikana kama 1809 tarehe 2 mwezi huo, na kabla wiki haijaisha ikalisimamisha, kwa kuwa baadhi ya watu walikuta nyaraka na picha zao zimefutika. Waliopatwa ni wale waliokuwa wamehamishia folda zao, kama za nyaraka na picha, mahali pengine kwenye kompyuta, huku baadhi ya faili zikibaki katika folda ya zamani. Toleo jipya liliiona folda ya zamani kuwa ni takataka, likaifuta pamoja na vilivyomo. Kampuni ilisema kwamba taarifa za kupoteza faili zilikuwa sehemu moja tu katika elfu kumi ya walioliweka, na sina sababu ya kubishana na hesabu hiyo, lakini mtu ambaye picha za harusi yake zimefutika hajisikii kama sehemu moja katika elfu kumi. Toleo lilirudishwa tarehe 13 Novemba.

Kinachonivutia zaidi katika kisa hicho ni kwamba siku zile za mwanzo toleo lilikuwa bado halijaanza kusambazwa lenyewe. Walioumia walikuwa wale walioingia kwenye mipangilio na kulitafuta kwa mkono wao. Vilevile, baadhi ya wajaribuji walikuwa wamekwisha kutoa taarifa za faili kufutika kabla toleo halijatoka, ila taarifa zao zilizama katika wingi wa malalamiko mengine. Mtu anayesubiri wiki chache, kwa hiyo, hakai bure: anawaacha wenye haraka wapige kelele za kutosha hadi zisikike. Watengenezaji wa Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta, hawafichi jambo hili. Toleo lao la 24.04, la aina inayotunzwa kwa muda mrefu, lilitoka Aprili 2024, lakini waliokuwa kwenye toleo la zamani la 22.04 hawakupewa mwaliko wa kuhama hadi liliposahihishwa na kutoka kama 24.04.1 mwishoni mwa Agosti. Ikiwa waliolijenga wenyewe wanaona miezi minne si mingi, sioni kwa nini mwenye duka la fotokopi aone aibu kusubiri miwili.

Hata hivyo siwaungi mkono mafundi wanaosema kwamba kompyuta inayofanya kazi isiguswe kabisa. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na msaada wa kawaida wa Windows 10, pamoja na viraka vyake, ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake tulipewa miaka minne. Nawajua watu waliosubiri miaka yote hiyo bila hata kuangalia kama mashine zao zinakubalika, na walipoangalia, siku zikiwa zimekwisha, wakakuta kompyuta walizonunua zikiwa zimetumika hazina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inayotakiwa. Kwa prosesa za Intel, kwa jumla, mstari umechorwa kwenye kizazi cha nane, na madukani kwetu kompyuta za kizazi cha nne hadi cha sita bado ni nyingi na bado zina nguvu ya kufanya kazi za ofisi. Ziko njia za kuulazimisha mfumo ukubali, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, na mimi siwezi kumwekea mteja kitu ambacho huenda kikaachwa njiani.

Ndiyo maana nashikilia neno tarehe. “Nitaweka baadaye” si uamuzi. “Nitaweka Jumamosi ya tarehe 24” ni uamuzi, kwa sababu kabla ya siku hiyo utalazimika kuhamishia faili kwenye diski ya nje, kuzifungua chache katika kompyuta nyingine uone kama kweli zimo, kutafuta draiva, yaani programu ya kuiendesha, ya printa yako ya zamani, na kununua bando la kutosha, maana toleo la namna hii hula gigabaiti kadhaa.

Mimi huandaa pia hesabu za wafanyabiashara wachache, na ritani za VAT hutakiwa kabla ya tarehe 20 kupita. Mwaka fulani, kwa uzembe wangu, nilibonyeza kitufe cha kuanza kuweka toleo jipya tarehe 18 alasiri nikidhani shughuli itakwisha kabla ya magharibi. Umeme ulikatika asilimia zikiwa zinapanda, betri ya mashine ile ilikuwa imekwisha kufa zamani, na ulipowaka kompyuta ilianza kujirudisha ilikotoka kwa mwendo wa konokono. Ritani nilizituma kutoka kompyuta ya jirani yangu fundi cherehani, mwanawe akisubiri nimalize ili aendelee na mchezo wake. Tangu hapo sigusi jambo kubwa kabla ya tarehe 21, na siligusi kwenye mashine isiyo na betri nzima.

Kuna kosa jingine ambalo hutokea baada ya kazi kwisha. Windows huhifadhi mfumo wa zamani katika folda iitwayo Windows.old na kukupa siku kumi za kurudi nyuma. Wenye diski ndogo huifuta siku ya kwanza ili wapate nafasi, kisha siku ya tano wanagundua kwamba skana haifanyi kazi. Siku hizo kumi nazitumia kwa makusudi: nachapa, naskani, nafungua programu ya hesabu, najaribu hata kile ninachokitumia mara moja kwa mwaka.

Dukani kwangu kuna kompyuta nne. Tatu zilihamia Windows 11 kwa nyakati tofauti, kila moja baada ya nyingine kumaliza siku zake kumi salama. Ya nne ni kuukuu, prosesa yake haikubaliki, nayo ndiyo inayoendesha skana ambayo bado inalipa kodi ya pango. Nimeiandikisha katika mpango wa Microsoft wa kuongezewa viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026, nikabandika karatasi yenye tarehe hiyo pembeni mwa kioo chake. Wiki iliyopita mwalimu aliiona karatasi hiyo akaniuliza kama ni siku ya harusi.