Usiipe akili unde mswada bila sheria mama

Wakati wa Mswada wa Fedha wa 2024 zilitokea programu za akili unde zilizowajibu Wakenya maswali kuhusu kodi zilizopendekezwa. Lilikuwa jambo jema sana, na kila mswada unastahili huduma hiyo. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na huwezi kutoa maoni juu ya usichokielewa. Tatizo ni kwamba wengi huipa mashine mswada peke yake.

Mswada wa marekebisho haujitoshelezi. Husema tu: katika Jedwali la Pili la Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), futa aya fulani. Bila sheria mama, yaani sheria inayorekebishwa, mashine itakisia kilichofutwa, tena kwa lugha fasaha ya kumshawishi yeyote.

Chukua mkate. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate wa kawaida utozwe VAT ya asilimia 16, pendekezo lililoondolewa baadaye. Mkate ulikuwa katika Jedwali la Pili, la bidhaa za kiwango cha sifuri, yaani zinazotozwa VAT ya asilimia 0. Jedwali la Kwanza lina bidhaa zisizotozwa kabisa. Akili unde huyachanganya haya mawili kwa urahisi, eti yote ni "bila kodi". Kwa mnunuzi wa mtaa wa Kayole, Nairobi, tofauti ni kubwa. Bidhaa ikiwa kiwango cha sifuri, mwenye kiwanda hudai arudishiwe VAT aliyolipia karatasi za kufungia na vipuri vya tanuri. Ikihamishiwa Jedwali la Kwanza hawezi kudai tena, na gharama hiyo anaiweka kwenye bei. Risiti haitaonyesha kodi yoyote, lakini mkate umepanda.

Kwa hiyo pakua mswada kwenye tovuti ya Bunge, na sheria mama kwenye tovuti ya Kenya Law, ile iliyokwisha kuingizwa marekebisho ya awali. Kama PDF ni picha tu, kagua tarakimu kwa macho baada ya kuigeuza maandishi. Nukta ikipotea, 1.5 huwa 15. Ingiza kifungu kimoja kimoja. Uliza: maneno ya zamani ni yapi, mapya ni yapi, yanamgusa nani, yanaanza lini? Swali la mwisho lisiachwe, kwani Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa na vifungu vilivyoanza Julai, vingine Septemba, vingine Januari 2024.

Idai mashine inukuu maneno ya mswada, kisha uyatafute maneno hayohayo kwenye PDF. Yasipopatikana, tupa jibu. Angalia pia "shall" na "may": Waziri anayelazimika kufanya jambo si sawa na Waziri anayeruhusiwa tu, na muhtasari mwingi hufuta mpaka huo.

Halafu kuna maelezo ya madhumuni mwishoni mwa mswada. Yameandikwa kwa lugha nyepesi, ndiyo maana mashine huyakimbilia, lakini huo ni utetezi wa mwenye mswada. Yaondoe kabla ya kuomba muhtasari.

Maoni ya kupeleka Bungeni andika mwenyewe, kwa Kiswahili ukipenda, maana ni lugha rasmi. Taja nambari ya kifungu, maneno unayoyapinga, na maneno unayotaka yawekwe mahali pake.