Maoni ya Wataalamu Katika Kupima Uhuru wa Vyombo vya Habari

Kila mwaka shirika la Waandishi Wasio na Mipaka linapotoa orodha yake ya nchi 180 kwa kigezo cha uhuru wa vyombo vya habari, serikali zilizoshuka hujitetea kwa kusema kwamba kipimo hicho ni maoni ya watu, si takwimu. Hoja hiyo ina uzito. Ingawa shirika huhesabu pia matukio ya unyanyasaji, alama hutegemea vilevile dodoso linalojazwa na waandishi, watafiti na watetezi wa haki, na mtaalamu aliyezoea uhuru mpana anaweza kukitaja kikwazo kidogo kuwa kikubwa, ilhali mwenzake aliyezoea kamatakamata asikione kabisa. Lakini wanaotaka tubaki na yanayohesabika tu hawajajiuliza vya kutosha hesabu hizo zinatuambia nini.

Chukua idadi ya waandishi waliofungwa. Nchi ambayo haina mwandishi hata mmoja gerezani inaweza kuwa huru kweli, au inaweza kuwa mahali ambapo wakaidi wamekwisha kukimbilia uhamishoni na waliobaki wamejifunza habari ipi haiandikwi. Hali hizo mbili zimetengana kama mbingu na ardhi, na bado katika jedwali zote mbili huandikwa sifuri. Zaidi ya hayo, idadi ya waliokamatwa inaweza kupanda pale ambapo waandishi wameanza kuthubutu, hata nchi yenye uandishi jasiri ikaonekana mbaya kuliko iliyonyamazishwa. Hofu ya mhariri anayeiondoa habari kabla haijachapishwa haiachi kumbukumbu mahakamani wala polisi. Anayeijua ni mtu wa ndani ya kazi hiyo, na njia ya kuipata ni kumuuliza.

Wingi wa vyombo vya habari nao hudanganya vivyo hivyo. Mwaka 2018 nchini Hungaria, wamiliki waliokuwa karibu na chama tawala walikabidhi vyombo zaidi ya 400 kwa wakfu mmoja, na serikali ikautangaza muungano huo kuwa wa maslahi ya kimkakati ya taifa, hatua iliyouepusha na uchunguzi wa mamlaka ya ushindani. Anayehesabu majina ya magazeti na vituo angeweza kuona wingi uleule wa jana, wakati mkono unaovishika umekuwa mmoja. Ndiyo maana kipimo cha wingi wa vyombo vya habari kinachoendeshwa kutoka Taasisi ya Chuo Kikuu cha Ulaya mjini Florence, Italia, hakiishii kwenye soko: huangalia pia ulinzi wa kisheria, uhuru dhidi ya siasa na ushirikishwaji wa makundi ya jamii, kisha hueleza hatari kwa asilimia.

Tofauti za viwango baina ya wataalamu, ambazo wakosoaji wanazitaja kwa haki, zinaweza kupunguzwa. Mradi wa V-Dem wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Uswidi, unaopima demokrasia duniani, huwapa wataalamu wake visa vya kubuni wavipime, ili ijulikane nani ni mkali na nani ni mpole, kisha hurekebisha majibu yao kitakwimu na kuchapisha makadirio pamoja na kiwango cha mashaka.

Lawama, kwa maoni yangu, ielekezwe kwenye nafasi katika orodha. Nchi inaweza kupanda ngazi kumi kwa sababu tu nyingine kumi zimeanguka, na waandishi wake wasipate nafuu yoyote. Mwaka 2022 Waandishi Wasio na Mipaka walibadilisha mbinu yao na kuanza kupima maeneo matano, yaani siasa, uchumi, sheria, jamii na utamaduni, pamoja na usalama, wakatahadharisha kuwa kulinganisha na miaka ya nyuma kunahitaji uangalifu. Alama za maeneo hayo huchapishwa, nazo huonyesha kama tatizo la nchi ni sheria mbaya, fedha za matangazo au risasi. Chombo cha habari kinachotangaza orodha hiyo kianze na alama hizo, na nafasi ya nchi ije baadaye.